Sumaku Kwenye Pindo la Sweta

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu mpendwa, salamu nyingi. Huku sisi wazima. Ya huko hatuulizi.

Binti yetu anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Dada yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua, ulimi mzima kabisa. Paka anakusalimu, yule wa sikio moja. Analala juu ya kisanduku chako cha vifaa na anamkwaruza kila anayekisogelea. Redio yako inakusalimu kwa kukoroma. Kiti chako kinakusalimu. Hakijakaliwa. Dada yako alijaribu, nikamwambia kina mguu mbovu. Hakina. Mimi nakusalimu mwisho, kama nilivyokuwa nakula mwisho.

Muuguzi wa wodini ndiye aliyenishauri. Alisema mwenye maneno yaliyobaki tumboni ayaandike, yasije yakamwozea humo. Shule niliishia darasa la nne, unajua. Lakini tumbo limejaa! Daftari nimelichukua kwa binti. Lina vijimraba. Herufi zangu zinaingia na kutoka kwenye vijimraba kama kuku wasio na banda.

Habari kubwa. Leo binti amekabidhiwa mashine kule kazini. Wiki mbili, yeye peke yake, mpaka Ijumaa ya tarehe 14. Akipata jibu zuri, masomo yake yanakamilika na anaendelea mbele. Asipopata, mashine inakwenda kwa Mwenye Tai, mwenzake wa meza ya pili, yule anayevaa tai hata jua likiwaka. Na binti yetu anarudi nyumbani na miaka sita mikononi kama maji.

Kazi yenyewe nimeelezwa mara nne. Kuna kipande cha almasi, kidogo kuliko punje ya chumvi. Almasi ndani ya familia yetu! Dada yako akauliza kama inaweza kuvaliwa. Haiwezi. Ndani yake kuna kitundu, na ndani ya kitundu kuna kitu kinachozunguka kama pia ya watoto, chenye kijisindano kama cha dira. Wanakiambia: elekea hapa. Kinaelekea. Kisha wanapima kinakumbuka kwa muda gani kabla hakijasahau.

Nikauliza muda gani. Akasema sekunde moja ukiikata vipande milioni, mpaka sasa kinakumbuka vipande sita.

Nikasema hata baba yako siku ya mwisho alikumbuka zaidi ya hapo.

Akarudia sahani yake. Dada yako akaomba chumvi.

Chini kwenye maabara kuna baridi. Anavaa lile sweta la kijivu kila siku. Basi asubuhi alipokuwa anaoga nikafumua pindo, nikatia ile sumaku yako ndogo ya kuokotea skrubu, ile isiyozidi kifungo cha shati, nikashona. Uzi wa kijivu. Haionekani. Tangu tukuzike hajagusa kitu chako hata kimoja. Hajalia pia. Ulisema wodini, mpe mtoto. Nimempa. Anakwenda na baba yake kazini na hajui.

Najisifu. Kazi safi.


Jumanne, 4 Machi

Binti amerudi mdomo umefungwa kama mfuko wa unga. Jiwe halitulii. Wiki iliyopita walipolijaribu wote pamoja lilikuwa linatulia. Sasa yuko peke yake, sindano inayumba.

Nikamwuliza nani anayeisumbua, nikamshughulikie. Akacheka kidogo. Akasema, mama, wasumbufu ni wengi. Wengine wamo ndani ya jiwe lenyewe, majirani wenye visindano vyao, kila mmoja anavuta kwake. Hao walishachujwa kiwandani. Joto nalo linatikisa, ndiyo maana wanapoza kwa gesi. Waliobaki ni wa nje. Umeme unaopita ukutani. Lifti ikishuka. Friji ya mkahawani. Gari likipita. Chuma chochote kinachotembea. Sumaku.

Aliposema sumaku nikapaliwa na chai.

Lakini nimefikiri vizuri nikiosha vyombo. Yako si sumaku ya mtaani. Miaka ishirini na saba uliishika mkono mmoja, na kwa mkono huo ukaamsha mota zilizokwisha kukatiwa tamaa. Tena ni kadogo! Nimejaribu nyingine ya aina yake iliyomo kwenye kisanduku (paka amenichana): inanyanyua skrubu tatu, ya nne inaanguka. Sumaku mzee kama huyo atamsumbua nani? Na tangu lini baba akamsumbua mwanawe?

Msumbufu ni lifti. Au friji. Nitajua tu. Wamemchokoza mtoto wa mwenyewe.


Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kazini kwake na mayai ya kuchemsha. Kisingizio. Hakuna anayemshuku mama mwenye mayai.

Mlangoni kuna mlinzi, wanamwita Kanali. Hajawahi kuwa jeshini. Ni masharubu tu. Akaniambia, Bi Mkubwa, hapa ni maabara, si hospitali, wagonjwa hatupelekei chakula. Nikampa yai. Akasema nipite, ila nisishuke chini. Nikasema mimi na magoti haya nishuke wapi.

Mkahawa uko juu ya maabara. Friji ipo! Kubwa kama kabati la maharusi, inanguruma kwenye kona. Nikaanza mbinu. Nikamsifu dada wa mkahawa kwa usafi. Nikasema inasikitisha friji nzuri hivyo kukaa konani, penye unyevu, itaoza miguu. Mume wangu alikuwa fundi wa mota, nikasema. Friji tatu za kona alizikuta zimekufa. Tatu! (Nisamehe. Ilikuwa moja, tena ilipigwa na radi.)

Dada wa mkahawa si mtu wa kubembelezwa. Akaniambia, mama, wewe umekuja kula au kukagua? Lakini woga ulimwingia. Nilipomaliza chai alikuwa amemwita Kanali, wanaisukuma. Ushindi!

Binti akarudi jioni. Akasema leo sindano imeyumba mara mbili ya jana. Akasema kuna mtu asiye na huruma kahamisha friji ya mkahawani, kaiweka katikati ya chumba, juu ya mashine kabisa.

Nikasema watu wengine hawana akili.


Ijumaa, 7 Machi

Friji nimeshindwa nayo. Dada wa mkahawa amekataa kuisogeza tena. Anasema pale katikati inapendeza. Basi nikaigeukia lifti.

Nimeandika kwenye karatasi ya binti, herufi kubwa: LIFTI MBOVU. TUMIA NGAZI. Nikaibandika saa nne asubuhi Kanali alipokuwa chooni. Nikaketi ng'ambo na mayai yangu nikitazama watu wanapanda ngazi wakihema. Raha! Hata Mkuu wa maabara, yule mzee wa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alisoma, akashika kiuno, akapanda. Nikamwonea huruma. Lakini mwanangu kwanza.

Saa tano wakaja wanaume wawili na mtungi mkubwa wa magurudumu. Wakasoma karatasi. Wakatazama ngazi za kushuka. Wakatazamana. Mmoja akasema yeye ana mke na watoto. Wakaugeuza mtungi wakaondoka nao.

Ilikuwa gesi ya kupozea jiwe. Mpaka Jumatatu hawarudi.

Binti amepoteza siku mbili na nusu. Alikuja kuketi jikoni akiwa na koti mwilini, hajalivua. Akauliza, mama, ni nani anayenichukia hivi? Karatasi yenyewe imeandikwa kwenye vijimraba kama vya daftari lake. Akasema lazima ni mtu wa ofisini.

Nikasema kwa nguvu: Mwenye Tai!

Dada yako akatingisha kichwa akasema, wifi, usihangaike na wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkusudia Mwenye Tai. Mimi nikatazama sweta pale msumarini.


Jumapili, 9 Machi

Siku ndefu. Binti yuko nyumbani, gesi hakuna.

Amekaa mezani na karatasi zake na amegundua jambo. Akatueleza mimi na dada yako, polepole, kama anayesoma barua ya msiba. Anapotoka kwenda kula, mashine ikijiendesha yenyewe, jiwe linatulia. Akirudi kuketi kwenye kiti chake, linayumba. Ametazama siku zote tano, hata ya friji ameitoa kwenye hesabu. Haijakosea hata mara moja.

Akasema, mama, kelele ni mimi.

Vitu vyote pale penye mashine ni vya shaba na plastiki, chuma hakipo kabisa, wameshakagua. Imebaki yeye. Basi akaanza kujivua vyuma mbele yetu. Pini za nywele. Hereni. Mkanda. Akatoa viatu vyenye vijicho vya bati vya kupitishia kamba, akasema atakwenda na ndala. Akauliza kama jino lake lililozibwa lina chuma. Vitu vikalala mezani kirundo kidogo, na yeye nywele zimemwangukia usoni, kama siku zile akiwa na surua.

Ilikuwa ndiyo saa ya kusema. Najua. Mdomo niliufungua. Dada yako akawahi, analalamika sindano yake imepotea. Akaikuta imenata kwenye sweta la kijivu. Akasema, makubwa, sufu ya siku hizi inaiba! Akaibandua, akaendelea kushona.

Nikajiambia ni sindano moja tu. Nyepesi.

Mume wangu, nikuambie kwa nini sikusema. Nikisema ya sumaku, ataniuliza kwa nini niliificha. Nikijibu hilo, itabidi tuzungumze habari zako. Tukizungumza habari zako tutafika kwenye ule mchana. Na kule sitaki kufika.

Akaniambia kitu kingine kuhusu ile pia. Kuna ujanja, anasema. Ikiwa katikati ya safari unaigeuza ghafla, kichwa chini, basi makosa iliyoyaokota kwenda inayafuta ikirudi. Inafika nyumbani kama haikusumbuliwa. Mtihani wake yeye ni bila kugeuza, lakini ujanja upo.

Nimewaza siku nzima. Ningepewa kugeuza ule mchana! Ulipouliza mtoto yuko wapi. Majina yetu sote yalikuwa yameshakutoka, mimi uliniita muuguzi, dada yako ukamwita fundi mwenzako, lakini mtoto ulimwulizia. Nami nikatoka nje ya wodi kumpigia simu. Alikuwa na mtihani wake mkubwa siku ile. Nikasema baba hajambo, amekula, maliza kazi yako. Nilisema kwa sauti ya uchangamfu. Nilijiona hodari. Saa kumi ukaondoka.

Anafikiri ni yeye aliyechagua kutokuja.

Kalamu inavuja. Si kalamu.


Jumanne, 11 Machi

Gesi ilikuja jana. Binti akaenda bila pini, bila mkanda, na ndala, kama mtu aliyeibiwa njiani. Na sweta. Baridi ni ile ile. Jiwe limeyumba siku mbili mfululizo.

Leo mambo yameharibika kabisa. Mwenye Tai kamwambia Mkuu wa maabara kwamba wako watu wenye mikono isiyotulia, si kosa lao, ni maumbile. Mkuu akavuta pumzi akasema wajaribu. Mwenye Tai akaketi kwenye kiti, binti akatolewa nje ya mlango atazame kupitia kioo.

Jiwe likatulia! Kama mtoto aliyenyonya. Mstari ukatoka mzuri, laini, mbele ya wote. Mwenye Tai akanyoosha tai.

Kuanzia kesho atakaa yeye. Jibu likitoka, jina lake mbele. La binti litafuata nyuma, kama likikumbukwa. Mkuu alimwambia kwa upole, akamwambia aende nyumbani apumzike, mwanangu, umechoka. Binti anasema ule upole ndio uliomkata.

Amelala na nguo. Hataki uji. Amegeukia ukutani na amesema maneno matatu tu: miaka sita, mama.

Mbinu mpya haraka! Nimwalike Mwenye Tai chai, nimpe zawadi ya funguo zako zote za spana, pete moja, kilo mbili, azitie mfukoni. Naye ayumbishe! Nimeshazisugua kwa mafuta zing'ae. Dada yako kaniuliza nafanya nini. Nikasema usafi. Akasema, wifi, ukiwa na jambo baya usoni kwako huwa kama mtu aliyevaa viatu vya kubana.

Nikaketi na zile spana mapajani. Zinanuka wewe.

Binti amegeukia ukutani. Sweta liko sakafuni.

Wala si Mwenye Tai, mume wangu. Wala si lifti.


Jumatano, 12 Machi

Nimesema.

Kwanza nilitaka kufumua kimya kimya, nilirudishe sweta msumarini, aende, jiwe litulie, Mungu asifiwe, mama hakuonekana. Mbinu safi kabisa! Nikashika mkasi. Lakini haendi tena. Amelala. Jiwe litulie kwa nani? Na kwa maisha yake yote atajua ana mikono ya nuksi.

Nikaenda kitandani na sweta na mkasi. Nikafumua mbele yake. Ikaanguka kwenye shuka. Ikaruka yenyewe ikanata kwenye mkasi, tak!

Akaibandua. Akainusa. Ajabu, niliiosha kwa sabuni mara mbili, bado ina grisi yako. Akaikunjia kiganja kama ulivyokuwa ukifanya wewe siku zile za mwisho, wauguzi wakishindwa kukufungua vidole.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza. Akauliza kama nilisikia aliposema sumaku. Nikasema nilisikia. Akauliza, sasa kwa nini, mama?

Nikamwambia yote. Kuwa ulisema apewe. Kuwa niliogopa ataikataa. Nikafika ule mchana. Nikamwambia kuwa hukuwa mzima. Nikamwambia ulikuwa unamwulizia yeye, yeye tu, na mimi nje ya wodi nikamwongopea mtoto kwa sauti ya uchangamfu.

Akasema alijua.

Nikasema ulijuaje? Akasema, mama, hujawahi kunipigia simu ukiwa na furaha. Ukifurahi huwa unasahau. Alijua, akachagua kuniamini, kwa sababu mtihani ulikuwa mbele yake na uongo wangu ulikuwa mzuri. Miezi yote hii akanificha kwamba anajua, nami nikimficha yeye.

Basi akalia. Miezi minane ya kilio kwa mpigo mmoja. Nikamshika. Dada yako akaja mlangoni kuuliza nani kafa. Akatuona, akasema, aa, ni yule yule, akaja akaketi miguuni pa kitanda akalia na yeye. Paka akaja. Paka hakulia.

Mwishowe binti akapangusa pua kwa mkono wa sweta. Akacheka. Akasema, siku saba, mama, siku saba baba alikuwa ananitikisa kiti. Akasema ulikuwa hivyo hivyo akifanya hesabu za shule. Unapita nyuma, unatikisa kiti, unauliza umefika wapi.

Kweli. Nilikuwa nimesahau.


Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mwisho ya mashine. Nimekwenda naye. Kanali alitaka yai, sina, nikapita tu.

Jana asubuhi binti alimwendea Mkuu wa maabara, akaweka sumaku mezani mbali na mashine, akaeleza. Mwenye Tai akasema ni hadithi ya kujitetea. Binti akasema tupime. Akaingia bila sweta, akaketi, mikono yake ile ile ya maumbile. Mstari ukatulia. Akaomba sumaku ishonwe tena kwenye pindo. Ati mimi, niliyekuwa nimemsindikiza, niliitwa ndani nikashona mbele ya wenye digrii! Nikajidunga. Akavaa, akaketi. Mstari ukayumba. Akajivuta na kiti kushoto, ukaenda kushoto. Kulia, kulia. Mkuu akacheka mpaka akavua miwani yote miwili. Akauliza mama mtu amesomea wapi. Nikasema darasa la nne. Akasema kwa miaka thelathini hajaona mtu aliyeleta msumbufu kwa uzi unaolingana na nguo.

Akamrudishia kiti. Siku mbili, akasema, tumia vizuri.

Mchana wa leo jibu limetoka. Sikuruhusiwa kushuka, nilikaa juu, mkahawani, nikiitazama friji kwa macho makali isije ikathubutu. (Dada wa mkahawa ameirudisha kona. Kanali alimwambia katikati inamzuia kuona mlango. Mimi simo.) Binti akapanda ngazi mbio na ndala zake. Vipande mia mbili na kumi, mama! Sekunde ile ile, vipande mia mbili na kumi, kabla halijasahau!

Nikamwuliza ndiyo muda mrefu? Akasema, mama, kwa jiwe ni umri mzima.

Kwenye ripoti ameandika wasumbufu wote kwa mpangilio. Joto. Umeme wa jengo. Friji. Halafu mstari mmoja nimeomba anisomee mara mbili: sumaku ndogo ya marehemu baba, kwenye pindo la sweta, imeondolewa. Mkuu alitaka aandike tu sumaku ndogo. Binti akakataa.

Ya lifti hajauliza. Sijamweleza. Mtu haombi radhi zote kwa wiki moja.


Jumamosi, 22 Machi

Mume wangu, habari nyingine kubwa, na hii sijui kama ni ya kufurahi.

Kazi yake imesomwa mbali. Anaitwa kwenye maabara iliyochimbwa ndani ya mlima, ambako hakuna lifti, hakuna gari, hakuna friji. Kimya kuliko makaburini, anasema, halafu akajutia kusema. Miaka mitatu. Anaondoka kesho saa tano asubuhi.

Begi liko wazi sebuleni. Dada yako anakunja nguo na kuzikunjua, anasema ziko vibaya. Hakuna baya. Naona anachelewesha. Mimi pia nimefua kitambaa kimoja mara tatu.

Sumaku binti ameiacha hapa. Ameinatisha mlangoni pa friji yetu jikoni, imeshika ile picha yako ya karakana, ulivyofumba jicho moja kwa jua. Akanishika mabega, akanieleza kama mtoto mdogo. Kule mlimani, mama, hata chembe ya chuma haitakiwi. Hata kipini. Nitamkumbuka baba bila kitu mkononi, ninaweza sasa. Wewe baki naye. Akanitazama machoni akasema niape.

Nimeapa. Nimeapa kwa jina lako, mkono juu ya kisanduku, paka shahidi. Nimeelewa kabisa. Nimejifunza, nikamwambia. Somo limeingia.

Akaenda kuoga.

Sasa sikiliza. Ile spana yako ndogo kuliko zote, namba tano, ndefu kama kidole changu cha mwisho. Nimeijaribu kwa sindano: hainati. Haina sumaku hata kidogo! Ni chuma kitupu, kimekaa kimya, hakimgusi mtu. Na nimeifunga kwa pamba ili isitembee, maana alisema chuma kinachotembea. Nami sikuitia kwenye sweta. Kwenye sweta atatafuta. Nimeishona kwenye kola ya koti jipya, uzi wa buluu, mishono midogo sana. Miaka mitatu ni mingi, na mlima ni baridi, na atakuwa peke yake huko na hakuna wa kumtikisa kiti.

Chuma kidogo namna ile kitamdhuru nani?

Lakini moyo unapiga. Maji bafuni yamekatika, anajifuta. Kama nimekosea, mkasi ninao hapa mapajani, na koti liko juu ya begi. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye unayejua vyuma. Wote hapa wanakusalimu tena. Nijibu upesi, tafadhali, kabla ya kesho saa tano.